Si Barazani, Si Uvunguni

Saa tisa usiku, Wrexham, nyuma ya hospitali.
Mashine ya tatu inazunguka, imebakiza dakika arobaini,
nami nimekaa mbele ya kompyuta ya stoo
natafuta mashuka yaliyozaliana.

Wodi ya kwanza ilileta themanini. Sawa.
Ya pili ilileta arobaini,
programu ikasema mia na ishirini.
Ya watoto ilileta kumi tu,
programu ikasema mia na thelathini,
na Bi Prydderch, msimamizi, akaniuliza kwa ule upole unaouma
kama najua kuhesabu.

Najua kuhesabu. Nahesabu foronya
hadi ndotoni.

Programu aliiandika Gwilym, fundi wa boila,
kwa Perl, mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la tatu.
Amestaafu, anafuga njiwa, simu hapokei.
Aliacha mistari sitini na kikombe chenye kutu ya chai.
Nimeisoma kwa kidole
kama mtoto wa chuoni na juzuu yake.

Ndani ya saburutini ya kuhesabu
kuna kibadilika kimoja, $jumla,
kimevaa alama ya dola hata huku kwenye nchi ya pauni.
Hakuna aliyekiambia kwao ni wapi.
Basi kinazurura programu nzima,
kinaingia wodi ya pili na matope ya wodi ya kwanza,
kinabisha kwa watoto kikiwa kimeshiba.

Nakijua kitu hicho. Ni maziwa yangu
katika friji ya nyumba tunayopanga watu sita.
Nisipoyaandika jina, si yangu, ni ya friji.
Asubuhi nakuta chupa imebaki kidole kimoja
na kila mtu anaapa alionja tu.

Dawa yake ni herufi mbili: my.
Nikacheka peke yangu. Kwetu neno hilo halitoki kinywani
kabla hujakijua kitu chenyewe:
shuka langu, mto wangu,
kitambaa changu, foronya yangu.
Perl haiulizi ngeli. Inauliza ukuta tu:
mabano ya mikunjo yamefunguka wapi, yamefungwa wapi?
Kilichozaliwa humo kitafia humo,
na nje hakuna atakayekililia.

Nikaandika my kila mahali,
kama mtu aliyeibiwa mara moja akanunua kufuli kumi.
Nikaiandika hata ndani ya kitanzi.
Wodi ya kwanza: sifuri.
Ya pili: sifuri.
Watoto: sifuri, kana kwamba wote wamepona
wakarudi kwao na vitanda vyao.

Nilikaa muda mrefu kabla sijaona.
Kila mzunguko ulizaa jumla mpya,
ikapewa mashuka yake machache, ikazikwa nayo,
na ile ya nje, jina lile lile, dola ile ile,
ikasubiri mlangoni mikono mitupu.

Mashine ikalia. Nikatoa, nikakunja,
nikarudi vidole vikinuka klorini.

Nikazifuta zote, nikaacha moja:
ndani ya saburutini, juu kidogo ya kitanzi.
Si barazani ambako kila mpita njia anachota,
si uvunguni ambako hata mwenyewe huoni.
Themanini.
Arobaini.
Kumi.

Kileleni mwa faili nikaongeza use strict,
ili siku nyingine mashine igombe mapema,
kabla ya Bi Prydderch. Ikagomba papo hapo,
mara kumi na tisa, kwa vibadilika vingine vya Gwilym
visivyo na kwao. Nikavipa makazi kimoja kimoja
mpaka dirisha likawa la kijivu.

Nilimwachia karatasi mezani: hesabu imekaa sawa.
Sikueleza zaidi.

Nyumbani nilifungua friji na koti mwilini.
Chupa ilikuwa na jina langu, wino mweusi, herufi kubwa,
na maziwa ya kidole kimoja.
Friji haijui use strict.